Joto Lililokataa Kushuka

Pasi ya Mama Mikunjo ilirudi kwa mara ya tatu, na safari hii mwenyewe hakuishika mkononi kama mali ya mtu. Aliifunga ndani ya foronya kuukuu, akaitua juu ya meza yetu kama anayerudisha samaki aliyeoza, kisha akasimama pembeni bila kusema neno. Mama Mikunjo ni dobi, na jina hilo walimpa wateja wake kwa sababu hakuna mkunjo uliowahi kumshinda. Yule mama akinyamaza, ujue mambo yameharibika.

Kaka alifungua foronya, akanusa tu. Hakuwa na haja ya kuchomeka plagi. Harufu ya waya ulioungua hung'ang'ania chuma kama moshi kwenye nywele. Akaanza maneno yake yaleyale: umeme wa siku hizi unapanda na kushuka, waya tunaouziwa ni takataka, halafu kuna watu wanaacha pasi inawaka huku wanapiga soga. Mama Mikunjo alimwacha amalize, ndipo akageuka, na aliyemgeukia ni mimi.

"Binti, wewe unayekaa kimya hapo. Hebu niambie ukweli. Huyu kaka yako pasi yangu anaitengeneza au anaizika?"

Niliinama nikajifanya natafuta kitu chini ya meza. Kaka aliniangalia kana kwamba swali nimeliuliza mimi.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba, mlango wake unafungukia barabarani. Meza ni moja, ndefu, imewekwa chini ya dirisha ili tupate mwanga. Kaka anakaa upande wa mlango, anasuka waya na kufunga pasi. Mimi nakaa upande wa dirisha, napasua ulanga. Nilianza mara tu nilipomaliza shule ya msingi, baba akiwa bado hai, na sijawahi kukaa kwingine.

Kwa asiyeujua, ulanga ni jiwe, lakini jiwe la ajabu. Linang'aa kama kioo na linabanduka kama kitabu kilicholowa. Ukilipata pembe yake ukaingiza ncha ya kisu, ukapuliza kidogo, linafunguka bila kelele, karatasi baada ya karatasi, mpaka upate moja nyembamba inayotikisika kwa pumzi yako. Ndani ya pasi, waya unaowaka husukwa juu ya karatasi ya ulanga, halafu huwekewa ulanga mwingine juu na chini. Pale ulanga una kazi mbili zinazogombana: umeme uuzuie usiguse chuma ukamrusha mtu, na joto uliachie lishuke mpaka kwenye uso wa pasi, nguo inyooke.

Baba alitufundisha hivi: unene wa ukucha, usipungue. Akatufundisha pia kupasua kwanza, kwa sababu ndani ya jiwe hujificha madoa meusi, na doa moja linatosha kupitisha umeme. Kwa hiyo napasua mpaka karatasi iwe nyembamba kiasi cha kuona kila kitu, natupa zenye madoa, kisha zile safi nazipanga tena moja juu ya nyingine mpaka zifike ukucha. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa kupasua sijaona wa kunifikia, na nasema hivyo bila kujisifu, maana mtaa mzima hakuna mwingine anayefanya.

Zamani ilikuwa kazi ndogo. Sahani za ulanga zilizokatwa kiwandani zilipatikana dukani, mimi naongezea karatasi moja mbili pale palipovunjika. Zilipoadimika, kaka akasema tutajitengenezea wenyewe, kuanzia jiwe. Tangu hapo pasi zinatoka kwetu zimechangamka na baada ya siku chache zinarudi maiti.

Mama Mikunjo alipoondoka, kaka alikaa muda mrefu akichezea bisibisi. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba pasi hii ikirudi tena, basi. Ataacha kutengeneza. Ataleta pasi mpya za kuuza, meza itatolewa, rafu zitasimama hapa. Mimi sitakosa cha kufanya, akasema, wifi yangu anahitaji mtu wa kushika watoto.

Wifi alikuwa kwenye mlango wa ndani, anasikia. Hakuficha furaha. Aliniambia amekwisha nipangia pa kulala, karibu kabisa na kitanda cha mdogo, ili nisisumbuke kutembea akilia. Wifi yangu si mtu mbaya. Ana watoto watatu na mgongo mmoja. Lakini mimi watoto nawapenda kama ninavyopenda wageni: waje, wale, waondoke. Kiti cha dirishani ndicho kitu pekee ninachoweza kukiita changu, na sasa kilikuwa kimening'inizwa kwenye pasi ya dobi.

Nikawaza kwa namna niliyoweza. Waya unakatika kwa sababu joto haliutoki. Limekwama juu, uso wa pasi uko vuguvugu, dobi anaongeza moto, waya unazidi kuiva mpaka unakata roho. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Mbona joto halishuki? Nikajijibu kwamba karatasi zangu ni nene, linachoka njiani. Dawa ni kuzipasua zaidi. Nikapasua mpaka macho yakaniwasha. Zikawa nyembamba hivi kwamba ukiiweka moja juu ya gazeti unasoma kama haipo. Ila ukucha wa baba ni ukucha, kwa hiyo palipokaa karatasi saba sasa zikakaa kumi na tano. Kaka alizishika kwa ncha za vidole, akasema mkono wangu umekuwa mwepesi kama wa marehemu. Yeye kunisifu ni kama mvua ya kiangazi, nikajiona nimefika.

Tuliijaribu pasi kwenye mashuka ya wifi. Ilikufa juu ya shuka la pili.

Hakuna kinachoudhi kama kuzidisha bidii na kazi ikazidi kuharibika. Ukizembea ukaharibu, walau unajua pa kuanzia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi.

Niliifungua pasi, nikatoa karatasi zote, nikazipanga mezani kwa jinsi zilivyokuwa zimekaa. Ile iliyogusana na waya ilikuwa kahawia yote, kutoka katikati mpaka ukingoni. Ya pili ilikuwa na rangi ya chai nyepesi. Ya tatu unjano wa mbali. Kuanzia ya nne kushuka chini, safi, kama nimezipasua sasa hivi. Nikaziangalia, nikaziangalia. Joto lilifika kwenye karatasi ya kwanza likatambaa humohumo, likazunguka mpaka kingo zote. Lakini kuvuka kwenda kwa jirani wa chini, aliyelala naye kitanda kimoja, likakataa.

Nilimwita kaka nikamwonyesha. Alitupa jicho mara moja, akasema hiyo ni rangi tu. Nikamwambia joto halivuki kati ya karatasi na karatasi. Akaniuliza nani kalikataza, akacheka mwenyewe. Halafu akasema kama shida ni hiyo basi tuzibane, na kabla sijafungua mdomo alishachukua spana akakaza nati ya bamba linalokandamiza ulanga. Akakaza, akakaza tena. Karatasi zangu nyembamba zikateleza, nikazisikia zinalia ndani kama majani makavu. Alipochomeka plagi, pasi ilipiga shoti. Redio ya wifi ikanyamaza, na wifi mwenyewe akatokea jikoni kuuliza kama tumeamua kumuua au ni bahati mbaya.

"Unaona?" kaka akaniambia. "Ulanga wako ndio mbovu."

"Umekaza mno."

"Si umesema hazikukaa pamoja?"

"Nimesema joto halivuki, kaka. Sikusema uvunje."

Alivua aproni akatoka. Alipobamiza mlango, karatasi zote nilizozipanga mezani zikapeperuka zikatawanyika sakafuni.

Nilipomaliza kuziokota nilirudisha umeme kwenye swichi kuu, nikaenda kumwomba wifi jiko lake la umeme, lile lenye sahani ya chuma. Alisema nichukue, mradi nisilifanye kama ninavyozifanya pasi za watu. Niliweka juu ya sahani kipande kutoka kwenye sanduku letu la ulanga, ambacho hakijaguswa na kisu, chenye unene wa ukucha jinsi kilivyozaliwa. Pembeni yake nikaweka rundo la karatasi zangu, nalo unene wa ukucha. Juu ya kila kimoja nikaweka chembe ya nta niliyobandua kwenye mshumaa. Karatasi ya chini kabisa ya rundo ilikuwa imejitokeza kidogo ukingoni, kwa hiyo hapo nako nikaweka chembe. Nikawasha moto mdogo.

Wifi alisogea na mtoto kiunoni. Nta ya kile kipande kizima ililainika, ikalala, ikawa maji. Ile ya juu ya rundo imesimama tu. Tukangoja. Wifi akahamishia mtoto upande wa pili. Ile chembe ya ukingoni nayo ikayeyuka, nje ya rundo, na ya juu bado imesimama kama askari. Joto lilikuwa limekimbia kando kwa kufuata karatasi kabla halijapanda unene wa ukucha. Nikachukua kikombe nikalikandamiza rundo kwa kitako chake. Karatasi zikalaliana, na hapo ndipo nta ya juu ikaanza kutoa jasho.

"Kwani si jiwe lilelile?" wifi akauliza.

Ni jiwe lilelile. Lakini lile zima, tabaka zake zimeshikana tangu tumboni mwa ardhi, hakuna nafasi hata ya pumzi kupita. Langu nililifungua, na nilipolirudisha nilidhani nimerudisha jiwe. Kumbe kila palipokutana karatasi mbili nimefungia hewa katikati, na joto linaisusia hewa kuliko linavyolisusia jiwe. Nilivyozidi kupasua ndivyo nilivyozidi kuipanga. Ustadi wangu wote, ule alioupenda baba na kaka akausifu, ulikuwa ustadi wa kupanga hewa.

Wifi alisema afadhali, sasa dawa imejulikana, asipasue tu mtu. Alisema kwa nia njema. Mimi nilisimama na kikombe mkononi nikihesabu hasara yangu. Nikinyamaza, pasi itarudi na meza itatolewa. Nikisema, meza itabaki, lakini ya nini kumweka mtu dirishani wa kupasua jiwe lisilotakiwa kupasuliwa? Pande zote mbili naishia kwenye kitanda cha mtoto. Nilikaa na jambo hilo mpaka kaka aliporudi, na nikamwambia. Nisingeweza kuitazama tena ile foronya.

Alikataa. Na safari hii alikuwa na hoja. Baba alisema tupasue kwa sababu ya madoa, akasema kaka, na doa likiwa katikati ya jiwe zima utalionaje? Pasi ikimrusha Mama Mikunjo, nani atakwenda kuwaambia watoto wake? Niliudhika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Asubuhi yake nilichukua kila kipande chenye unene ule nikakishika dirishani, jua likiwa nyuma yake. Ulanga mnene hauko wazi kama karatasi, una rangi ya asali iliyokaa, lakini ukitulia macho yanauzoea. Madoa yakaanza kuonekana, meusi, kama nzi walioganda. Nikaviweka kando vyenye madoa. Kisha nikaona kitu kingine. Vipande vingine havikuwa na doa, lakini ndani yake zilizunguka rangi, nyekundu na kijani na zambarau, kama mafuta yakimwagika kwenye dimbwi. Nilikiwekea kimoja nta. Ilichelewa kama ya rundo. Hapo ndani tabaka zilikwisha achana zenyewe, hewa imeingia bila kisu cha mtu. Nikaviweka kando navyo. Nusu ya sanduku ilipokwisha nilikuwa na vipande vya kutosha pasi moja tu.

Kaka aliifunga akiwa amenuna. Aliipima kwa balbu kuona kama umeme unavujia kwenye chuma, akaipima tena, akavaa ndala za mpira ndipo akaigusa. Kisha akatia mate kidoleni akagusisha uso wa pasi, mate yakachemka papo hapo. Akaifuta, akaipeleka mwenyewe kwa Mama Mikunjo, ambaye alimwambia kwamba hatatusalimia mpaka juma liishe ndipo ajue kama anasalimia mafundi au wezi.

Juma liliisha akaja, na salamu ikaja naye, ndefu. Pasi inashuka kwenye nguo kama inakwenda kwao, alisema. Alikuwa amebeba nyingine, ile yake nzito ya mapazia, nayo ilikwisha zimika. Akaiweka mezani, akakaa kwenye kigoda, akasema atasubiri.

Kaka alichangamka mpaka akawasalimu wapita njia. Alisema kumbe siku zote tulikuwa tunajitesa, kazi yenyewe ni kukata kipande na kukitia. Akavuta sanduku upande wake, akachukua kisu changu.

"Mdogo wangu, kapumzike. Hii hata mimi naiweza."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Wifi aliponiona nimesimama bila kazi akanipa mtoto mikononi. Nikabaki pale mlangoni, mtoto ananivuta sikio, nikimtazama kaka akitafuta. Alipata kipande kinene mno. Akaingiza kisu ili apunguze, akakizungusha kwa nguvu kama anafungua kopo. Kutoka kule nilikosimama niliona rangi zikianza ukingoni na kutambaa mpaka katikati ya jiwe. Alikinyanyua dirishani, akamwonyesha Mama Mikunjo kinavyopendeza. Akaanza kukisukia waya.

Nilimwambia kitaungua. Akasema nimeanza. Nikamwambia hewa imeingia ndani, azitazame hizo rangi. Akasema kila kitu kwangu siku hizi ni hewa, mwisho nitasema hata yeye ni hewa, na akaendelea kusuka. Mama Mikunjo alinitazama, akamtazama yeye, akaitazama pasi yake.

Nilimpakatisha Mama Mikunjo mtoto, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Nikaenda mezani, nikakitoa kile kipande chini ya mkono wa kaka pamoja na waya wake, nikabonyeza ukucha wa kidole gumba pembeni, palepale penye rangi. Sikutumia kisu. Kilifunguka chenyewe chote, kama kilikuwa kinangoja kuambiwa. Nikabaki na vipande viwili, na waya unaning'inia katikati.

Kaka alisimama. Hajawahi kunipiga, lakini kila kitu kina siku yake ya kwanza, na sikurudi nyuma.

"Hiki ndicho ulichokuwa unamfungia mama wa watu," nikamwambia. "Mimi nimekuonyesha karatasi zilizoungua, ukasema rangi. Nimekuambia joto halivuki, umekaza. Nimekuambia kitaungua, unasuka. Nikuambie kwa lugha gani, kaka?"

Si ujasiri ulionisemesha. Ni uchovu wa majuma yote yale, na mwingine wa zamani niliodhani umekwisha.

Mama Mikunjo alimpapasa mtoto mgongoni. "Fundi," akasema taratibu, "mimi nasubiri ya binti."

Kaka aliangalia vile vipande viwili. Kisha akakaa. Akachukua waya uliojikunja akaanza kuunyoosha, pindo moja baada ya jingine, na kwa mguu wake, bila kuinua uso, akalisukuma sanduku likaburuzika mpaka upande wa dirisha.

Wifi alikuja kuuliza nani sasa anashika mtoto. Alimchukua kutoka kwa Mama Mikunjo, akaniangalia nilivyokwisha kaa, akasema haya, lakini vyombo vya leo ni vyangu mimi na yeye, nisije nikajisahau.

Nilianza upya. Kipande, dirisha, doa. Kipande, dirisha, rangi. Lundo la vilivyokataliwa likapanda mpaka likaanza kuporomoka, na kila likiporomoka kaka anaguna. Aliuliza kama bado. Nikamwambia bado. Baada ya kitambo kidogo akauliza tena, nikamwambia bado, kaka. Nilikuwa ningali na hasira naye, na yeye na mimi, na kwenye chumba kile hakuna aliyekuwa na haraka ya kuimaliza.

Jua lilipokuwa linaondoka dirishani nilikipata kimoja. Nilikigeuza, nikakigeuza tena, nikampa nimekishika kwa kingo. Kaka hakukiweka mezani. Alisimama, akakipeleka mwenyewe kwenye mwanga uliobaki, akakitazama huku na huku kwa muda mrefu, mtu anayetafuta kosa na anayetamani sana kulipata. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaanza kusuka.